Kabla Mtoto Hajaja: Kutoa Rangi ya Zamani Kwenye Mbao Bila Kuleta Sumu Ndani

Mwezi huu simu zinazolia usiku wa manane tunaziweka pembeni kidogo. Tunazungumzia rangi, ile ya mafuta iliyopakwa kwenye mbao enzi hizo, ikapakwa nyingine juu yake, na nyingine tena, mpaka kona zote za kabati zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika.

Usifunue ukurasa kwanza. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba ishu hii inagusa afya ya mtoto wako, mkwe wako na mfuko wako, vyote kwa mpigo.

Tuchukulie mfano wa vijana wawili waliofunga ndoa mwaka jana. Bwana ni mwalimu wa sekondari Ngara. Bibi ni karani wa ofisi Biharamulo, anapanda basi kila Ijumaa jioni kwenda kwa mumewe na kurudi Jumapili. Sasa ni mjamzito wa miezi mitano. Siku moja wanakwenda kumsalimia mama mzaa chema kule Rulenge, na wakati wa kuaga mama anawatolea zawadi: kitanda cha mtoto cha mbao, chenye fito pembeni, kimepakwa njano iliyokolea. "Mume wako alilala humu, na wadogo zake wote wakalala humu," anamwambia mkwewe.

Nani atakataa zawadi kama hiyo? Tatizo ni kwamba rangi imeanza kupasuka na kumenyeka, na chini ya njano kuna kijani, na chini ya kijani kuna nyeupe. Bwana anasema, "Hii ni kazi ya Jumamosi moja tu. Naazima mashine ya msasa kwa fundi, napiga sebuleni fasta, maana nje mvua." Bibi anajibu, "Na mimi nitakusaidia kufuta vumbi. Siumwi, nina mimba tu."

Mapenzi yapo hapo, tena ya kutosha. Lakini katika sentensi hizo chache wamepanga kufanya karibu kila kitu ambacho hakitakiwi. Hebu tuone kwa nini.

KUNA NINI NDANI YA RANGI HIYO?

Kwa miaka mingi watengenezaji wa rangi za mafuta duniani kote walitumia madini ya risasi. Ni madini yaleyale yaliyomo kwenye betri ya gari. Risasi iliipa rangi uzito, iliifanya ikauke upesi, idumu kwenye jua na mvua, na ilileta ile njano na nyekundu inayong'aa ile mbaya. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978. Sehemu nyingi za dunia ziliendelea kuuza kwa miongo mingi baada ya hapo.

Hapa kwetu, asasi ya AGENDA ya Dar es Salaam, ikishirikiana na mtandao wa kimataifa wa IPEN, imepima rangi za madukani zaidi ya mara moja tangu mwaka 2009, na ikakuta risasi nyingi katika baadhi ya rangi za mafuta. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa leo ni kisichozidi sehemu 90 za risasi katika milioni. Rangi za zamani zinaweza kuwa na maelfu, na rangi kali kama njano na nyekundu ndizo za kushukiwa kwanza.

Risasi hiyo ikiwa imetulia chini ya tabaka zima la rangi haimdhuru mtu. Hatari huanza rangi inapomenyeka, inapochomwa, au inaposagwa ikawa vumbi. Vumbi hilo halina harufu. Linatua kwenye mkeka, kwenye mapazia, kwenye sahani, kwenye kanga ya mama. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni, basi.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Risasi huharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, na hasara hiyo hairudishwi na dawa. Kwa mama mjamzito kuna jambo jingine. Risasi aliyovuta au kumeza hujificha kwenye mifupa yake kwa miaka, na wakati wa ujauzito hutoka na kuingia kwenye damu, ikamfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo ile "siumwi, nina mimba tu" ndiyo hasa sababu ya kukaa mbali.

Utajuaje kama rangi yako ina risasi? Kwa macho huwezi, kwa harufu huwezi. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni rahisi: rangi yoyote ya mafuta ya zamani ambayo huijui historia yake, ichukulie kuwa ina risasi mpaka maabara iseme vinginevyo.

JE, LAZIMA UITOE?

Hili ndilo swali ambalo vijana wengi wanaliruka. Kama rangi bado imeshika vizuri, haijapasuka, haimenyeki, na kifaa si cha mtoto kutafuna, huna haja ya kuitoa yote. Ioshe kwa maji ya sabuni, isugue kidogo kwa msasa wa maji ili rangi mpya ishike, iache ikauke, kisha paka juu yake. Rangi ya zamani inabaki imefungiwa chini.

Rangi hutolewa kwa sababu tatu. Kwanza, inamenyeka yenyewe. Pili, tabaka zimekuwa nyingi mpaka mlango haufungi au droo haitoki. Tatu, unataka kuona mbao yenyewe kwa sababu unaamini ni nzuri.

Kuhusu hiyo sababu ya tatu, mpenzi msomaji, naomba usijipe matumaini kabla ya kupima. Misitu ya miombo ya upande wa Biharamulo ni makazi ya mninga, na ni kweli kwamba mtu anaweza kukuta chini ya rangi mbovu mninga wenye mistari ya kahawia na wekundu, mali ya bei mbaya. Lakini mafundi nao wana yao. Mara nyingi rangi ya mafuta hupakwa kuficha mbao za mchanganyiko: mguu wa mkaratusi, ubavu wa paini, na matundu yaliyozibwa kwa puti. Geuza kifaa, tafuta mahali pasipoonekana, loanisha, kwangua kipande kidogo cha ukubwa wa stempu. Ukiona mbao moja safi, endelea. Ukiona puti na mbao za makabila matatu, irudishie rangi na ulale usingizi.

Na kitanda cha mtoto kina kipimo chake cha ziada. Pima nafasi kati ya fito na fito. Isizidi sentimita 6, maana ikizidi hapo mwili wa mtoto unaweza kupenya kichwa kikabaki. Vitanda vingi vya zamani vilitengenezwa kabla ya watu kufikiria hilo. Kama nafasi ni kubwa, hata ukikitoa rangi kiking'ae namna gani, hakifai kulaza mtoto.

NJIA ZA KUKATAA

Sasa basi, tuseme umeamua kuitoa. Njia ni nyingi, na kila fundi atakusifia ya kwake. Tuanze na zile za kukataa.

Moto wa wazi. Yapo majiko ya kuchomea ambayo mafundi huelekeza kwenye rangi mpaka itoe mapovu, kisha wanakwangua. Ni kweli inafanya kazi, tena haraka. Lakini moto ule unageuza risasi kuwa moshi unaovutwa moja kwa moja, unaunguza mbao na kuacha alama nyeusi, na vumbi lililojificha kwenye maungio linaweza kushika moto saa kadhaa baadaye mkiwa mmelala. Marekani hairuhusu mafundi wa nyumba kutumia moto wa wazi kwenye rangi yenye risasi, na mashine ya hewa moto isizidi nyuzi joto 590 hivi za Selsiasi. Kama fundi ana mashine ya hewa moto, aiweke kwenye joto la chini na afanyie nje. Kama ana jiko la moto tu, mwambie asante.

Msasa mkavu, wa mkono au wa mashine. Hii ndiyo njia inayopendwa na vijana kwa sababu unaona matokeo palepale. Pia ndiyo inayotengeneza vumbi jingi kuliko zote. Mashine ya kusaga ikifanya kazi sebuleni kwa saa mbili, vumbi lake utalikuta mpaka kwenye shuka za chumbani. Zaidi ya hapo, rangi ya mafuta ikipata joto la msugu inayeyuka na kuziba msasa, unabadilisha karatasi kila baada ya dakika chache. Hata pesa haiokoi.

Kostiki soda. Wale wanaotengeneza sabuni wanaijua. Inakula rangi ya mafuta kwelikweli kwa sababu inageuza mafuta yake kuwa sabuni. Lakini inakula na ngozi na macho, inalegeza gundi kwenye maungio, inafanya mbao iote manyoya, na mbao zenye rangi yake ya asili inaweza kuzigeuza nyeusi. Ulaya walikuwa na mtindo wa kutumbukiza milango mizima kwenye matanki ya kostiki, ikatoka safi lakini maungio yake yamelegea. Kwa fanicha unayoipenda, achana nayo. Kwa chuma au zege, hiyo ni habari nyingine. Na kama ni lazima uitumie, soda ndiyo inayomwagwa polepole ndani ya maji baridi, wala usimwage maji juu ya soda, na chombo kisiwe cha aluminiamu.

Dawa ya kutolea rangi, wenyewe wanaiita rimuva. Hapa lazima usome kopo. Likiandikwa "methylene chloride" au "dichloromethane", liache dukani. Kemikali hiyo imeua mafundi waliofanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa. Umoja wa Ulaya uliizuia kwa watumiaji wa kawaida tangu miaka ya mwanzo ya 2010, na Marekani ikafuata mwaka 2019. Zipo dawa nyingine zisizo na kemikali hiyo. Zinafanya kazi polepole, unapaka nene, unafunika kwa nailoni, unasubiri saa kadhaa, kisha unakwangua. Hizo zinakubalika, lakini nje ya nyumba na mikono ikiwa kwenye glavu. Mama mjamzito hahusiki nazo hata kwa kunusa.

NJIA YA KUKUBALI: MAJI, MAGADI NA SKREPA

Njia ninayoipendekeza kwa nyumba yenye mtoto au inayomtarajia ni ya taratibu, ya majimaji, na vifaa vyake vinapatikana sokoni Ngara au Biharamulo bila kuagiza Mwanza. Inategemea mambo matatu: unyevu unaozuia vumbi, joto dogo linalolainisha rangi, na makali ya skrepa.

Kwanza, jua ni rangi ya aina gani. Loanisha kitambaa kwa spiriti, sugua mahali pamoja kwa dakika moja. Kama rangi inalainika na kuhamia kwenye kitambaa, hiyo ni rangi ya maji na kazi yako itakuwa nyepesi. Kama haishtuki, ni ya mafuta.

Pili, chagua mahali na wakati. Fanyia nje, mbali na mlango wa jikoni, siku isiyo na upepo. Kwa Kagera, kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi chako. Mvua ikianza Septemba, mbao iliyoloa itachukua muda mrefu kukauka. Tandika turubai pana chini, likunjwe kingo ili maji yasimwagike.

Tatu, vua vyuma vyote: bawaba, kitasa, skrubu. Vichemshe kwa moto mdogo kwenye sufuria ya chuma ya zamani yenye maji na vijiko vichache vya magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Baada ya saa moja au mbili rangi inaanza kuvuka yenyewe kama ganda. Chemshia nje, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe. Isiwe ya aluminiamu pia, maana magadi huila.

Nne, koroga magadi kwenye maji moto, changanya na unga wa muhogo au ngano kidogo upate uji mzito unaoshika ubavuni bila kutiririka. Vaa glavu. Paka uji huo sehemu ya futi moja tu kwa wakati, funika kwa nailoni, subiri. Magadi ni ndugu mpole wa kostiki: yanalainisha rangi ya mafuta ya zamani bila kukurarua ngozi, ingawa yanakausha mikono na macho hayayapendi. Rangi ngumu inaweza kuhitaji kupakwa mara mbili au tatu. Usikate tamaa.

Jaribu kwanza mahali pa siri, kwa sababu baadhi ya mbao ngumu huweza kubadilika rangi hata kwa magadi. Ukiona inageuka nyeusi, tumia maji moto peke yake: tambaa lililokamuliwa kwa maji yanayofuka, libandike kwenye rangi, lifunike kwa nailoni dakika kumi, kwangua, rudia.

Tano, kwangua kwa kufuata mistari ya mbao, skrepa ikiwa imelala, na isiwe butu. Skrepa butu ndiyo inayomfanya mtu akaze mkono na kuchimba mbao. Kila dakika chache inoe kwa tupa. Kwenye mikunjo na nakshi tumia kijiti kigumu kilichochongwa ncha au mswaki wa zamani. Kipande cha kioo kilichovunjika, ambacho mafundi wengi hukitumia kulainisha mbao, kiachie fundi mwenyewe. Wakati wote rangi iwe na unyevu. Ukianza kuona vumbi, simama, loanisha.

Sita, rangi ikiisha, osha mbao kwa maji safi mara mbili, kisha ifute kwa siki iliyochanganywa na maji ili kuua nguvu ya magadi. Ukiruka hatua hii rangi mpya itakuja kubambuka. Weka kivulini, penye hewa, siku kadhaa. Usianike juani, itapasuka.

Saba, msasa unakuja mwisho, tena msasa wa maji, ule mafundi wa magari wanaoutumia. Anza namba 120, malizia 220. Kisha paka rangi ya maji au vanishi ya maji iliyoandikwa kwamba haina risasi. Kwa kitanda cha mtoto, iache itoe harufu kwa wiki mbili au tatu kabla ya kumlaza. Akifikisha miezi sita na meno yakianza kuwasha, atautafuna ule ukingo, hilo halina mjadala.

UCHAFU UNAKWENDA WAPI?

Hapa ndipo watu wengi makini wanapojikwaa. Umefanya kazi yote kwa unyevu, vizuri kabisa, halafu mabaki unayamwaga kwenye migomba.

Kwetu Kagera nyumba iko katikati ya migomba. Maganda, majivu, maji ya kuoshea vyombo, vyote vinakwenda kwenye shina la mgomba, na ndivyo ardhi yetu imelishwa miaka yote. Lakini risasi haiozi. Ukiimwaga hapo leo, itakuwepo wakati mtoto huyo anaoa. Watoto wanacheza kwenye udongo ule, na kuku wanaodonoa vipande vya rangi wanaweza kuipeleka risasi hadi kwenye mayai mnayokula.

Kwa hiyo, kusanya mabaki yote kwenye turubai, tia kwenye ndoo yenye mfuniko, yaache maji yapungue, kisha funga kwenye mifuko miwili ya nailoni na kuipeleka kwenye dampo la mji. Muulize afisa afya wa kata lililo karibu nawe. Mbao zilizopakwa rangi usizitie jikoni kama kuni, hata kama zimevunjika vipande vidogo, maana moshi wake ni uleule wa jiko la fundi.

Sakafu usiifagie kikavu. Ipige deki kwa kitambaa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Aliyefanya kazi avue nguo nje, aoge, na nguo zake zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi.

NANI AIFANYE KAZI?

Turudi kwa wale vijana wetu wawili. Jibu la kwanza ni kwamba mama mjamzito hashiki kazi hii, hasogei karibu nayo, na hafui nguo za aliyeifanya. Si suala la kudekezwa. Kama tayari alishakwangua rangi ya zamani kabla ya kujua haya, asikae na hofu kimya kimya, amweleze mkunga kliniki, iwe Murgwanza, Rulenge au kwingineko anakohudhuria. Vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kama maharage, mboga za majani, dagaa na maziwa, husaidia mwili usifyonze risasi kirahisi.

Lakini akina mama wengine wataniuliza, kwa hiyo mimi nikae tu nimwangalie? Hapana. Kuchagua rangi mpya, kupima nafasi za fito, kwenda dukani na kusoma kila kopo kabla halijalipiwa, hizo ni kazi, tena zinahitaji jicho kali. Kazi ya ndoa si lazima wote wawili washike skrepa moja.

Kwa bwana, nina moja. Wanaume wengi tunakimbilia kazi hizi wikiendi ambayo mke yupo, ili aone tunavyojituma. Kaka, kama mwenzako anasafiri kila Ijumaa kuja kwako, kwangua kitanda Jumanne na Jumatano baada ya vipindi. Akifika akute turubai limekunjwa, pamepigwa deki, na wewe umeoga. Hiyo ndiyo zawadi. Jumamosi ni ya kwenu wawili.

Ukiamua kumpa fundi, usimuulize bei kabla ya kumuuliza njia. Mwambie hutaki moto wala msasa mkavu, na afanyie kwa uwazi karakana yake ikiwa haina watoto karibu. Atasema itachukua siku nyingi zaidi, na kweli. Lipia hizo siku. Na yeye pia ana wanawe nyumbani wanaomkumbatia akirudi na vumbi kwenye shati, kwa hiyo unamlinda na yeye.

MKWE AAMBIWE NINI?

Je, kama vipimo vimekataa, fito zimeachana sana au mbao imeoza? Hapa naona ndoa nyingi changa zinateleza. Bibi anaachiwa mzigo wa kumweleza mama mkwe kwa nini zawadi yake haitumiki, na tangu siku hiyo anaitwa msomi anayejidai.

Ushauri wangu ni huu: mwana ndiye amwambie mama yake. Aende mwenyewe, amwamkie, akae chini. "Mama, shikamoo. Kitanda tumekipokea kwa mikono miwili. Rangi yake ni ya zamani, wataalamu wamegundua kwamba zile rangi zilikuwa na sumu, na wakati ule hakuna aliyejua. Tumekisafisha, tumekigeuza rafu ya nguo za mjukuu wako." Maneno ya "hakuna aliyejua" yasikosekane. Mama hataki kusikia kwamba aliwalaza wanawe kwenye sumu. Hakuwa na namna ya kujua.

Na kitanda kikifaa baada ya kazi yote hiyo, mwalike mama akione kikiwa kimekamilika. Acha kipande kidogo cha njano chini ya ubao wa kulalia, pasipofikika kwa mtoto, kilichofunikwa kwa vanishi. Atakitafuta, nakuhakikishia.

MLANGO USIOGUSWA

Neno la mwisho kwa wale waliorithi vitu vya zamani zaidi. Mkoa wetu una majengo ya kale, likiwemo Boma la Wajerumani pale Biharamulo lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na nyumba za misheni ambazo zina milango kuliko umri wa babu zetu. Wengine wameleta milango ya nakshi kutoka pwani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya mwaka 1940. Kitu cha namna hiyo usikiguse kwa magadi, skrepa wala mashine bila kuwauliza wataalamu wa malikale. Tabaka zile za rangi ni sehemu ya historia yake, na nakshi ikishakwanguliwa hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa vitu vyetu vya kawaida, kumbuka mambo manne: uliza kwanza kama ni lazima, weka unyevu kila wakati, mweke mjamzito na watoto mbali, na mabaki yasiione migomba. Wikiendi mbili au tatu zitapita. Ni muda mchache ukilinganisha na miaka ambayo mtoto atakaa na ubongo aliopewa.

Kwa leo niishie hapa. Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutaangalia namna ya kugawana matumizi ya nyumba pale mke anapopata mshahara mkubwa kuliko mume. Mpaka wakati huo, pendaneni.